Maswali ya Wasomaji: Umechaguliwa na Wenzako, Sasa Uwatumikie

Barua za toleo hili zimetoka kwa wazazi na vijana walioko Marekani, na zote zinauliza kuhusu Order of the Arrow, jumuiya ya heshima iliyo ndani ya chama cha skauti cha nchi hiyo. Chama chenyewe ni Scouting America, kilichojulikana kama Boy Scouts of America hadi Februari 2025. Humu tutasema Jumuiya ya Mshale, na ngazi zake tatu, Ordeal, Brotherhood na Vigil Honor, tutaziita Majaribu, Udugu na Kesha. Kitengo cha kila eneo ni loji, nalo kundi ni lile la kawaida la skauti ambamo kijana anakutana na wenzake kila wiki.

Mwanangu wa miaka 13 ameniambia amechaguliwa kuingia kwenye jumuiya yenye sherehe za usiku ambazo hataki kunisimulia. Nimeshindwa kulala. Ni chama cha siri? Na amepata tuzo au amepata nini? — Mama wa skauti

Pumzika mama, si chama cha siri. Sherehe hazisimuliwi ovyo ili kila kijana azikute zikiwa mpya zamu yake ikifika. Lakini mzazi, mlezi au kiongozi wa dini anayetaka kujua kinachosemwa na kinachofanyika huelezwa waziwazi. Mwone skautimasta, yaani mtu mzima anayeongoza kundi lake, au mshauri wa loji. Usione haya kuuliza, wamezoea.

Jumuiya ilianza Julai 1915 kwenye kambi ya Treasure Island, kisiwa kilicho ndani ya mto Delaware. Mkuu wa kambi, E. Urner Goodman, alikuwa na miaka 24, na msaidizi wake Carroll A. Edson 23. Walitaka kuwaenzi vijana walioishi kiapo na sheria ya skauti pale kambini, kwenye moto, vyombo na kuni, kuliko wale waliovijua kwa ulimi tu. Jambo walilolianzisha ndilo linaloipa Jumuiya uzito wake hadi leo: anayekuchagua ni mwenzako wa kundi, na wengi wa wapiga kura hao si wanachama. Walio ndani hawateui warithi wao. Wanaoteua ni wale waliolala nawe hema moja na kukuona ukiamka na mvua.

Kwa hiyo mwanao amepata kazi. Wenyewe hujiita udugu wa wanaotumika kwa moyo mkunjufu, na wajibu wa kwanza wa mwanachama unabaki kwenye kundi lililompigia kura. Ukiona amevaa ukanda mweupe wenye mshale mwekundu, huo huvaliwa bega la kulia kwenye shughuli za Jumuiya. Haufungwi kiunoni, na haumpi cheo juu ya wenzake.

Mimi ni skautimasta. Mwaka jana kura ziliwaendea wachekeshaji, na kijana anayesugua masufuria kila kambi bila kuambiwa akakosa. Hesabu ya kura ni ipi hasa, na tunawezaje kuzuia hili lisijirudie? — Skautimasta

Tuanze na orodha ya wanaostahili kupigiwa kura, kwa kuwa makosa mengi huanzia hapo. Kijana wa kundi la skauti awe amefika daraja liitwalo First Class, na katika miaka miwili kabla ya uchaguzi awe amelala kambini usiku 15 akiwa mwanachama aliyeandikishwa. Ndani ya hizo 15 lazima iwemo kambi ndefu moja, na ni moja tu, ya angalau siku tano mfululizo za kulala. Hata ikiwa ndefu zaidi, zinahesabiwa tano. Kumi zilizobaki zitoke kwenye kambi fupi zisizozidi usiku tatu kila moja.

Hapo ndipo makundi hujikwaa. Mtu anajumlisha kambi mbili za kiangazi, anapata kumi, anaongeza tano, anaona ametimiza. Hajatimiza: kambi ya pili ya kiangazi haihesabiwi. Mwingine anaingiza safari za familia, au usiku alizolala kabla hajaandikishwa. Kaa na mtunza kumbukumbu wa kundi mwezi mmoja kabla, mpitie majina moja moja. Jina likiondolewa mbele ya kundi zima usiku wa kura, kijana anaumia bila sababu.

Sasa kura zenyewe. Angalau nusu ya wanachama hai wa kundi wawepo. Kundi la vijana 24 linahitaji 12. Wanaopiga kura ni wale wa chini ya miaka 21 tu, watu wazima hawapigi. Kila mpiga kura anaweza kuandika majina yote yaliyo kwenye orodha au machache anavyoona. Anayepata angalau nusu ya karatasi zilizorudishwa amechaguliwa. Zikirudi karatasi 18, tisa zinatosha. Zikirudi 17 ni tisa vilevile, kwa sababu nane haifiki nusu. Uchaguzi ni mara moja kwa mwaka, wala haurudiwi kwa kuwa matokeo hayakumpendeza mtu.

Kuhusu wachekeshaji, una nguvu moja ambayo naona hukuitumia: hakuna jina linaloingia kwenye orodha bila idhini yako. Idhini hiyo inahusu jinsi kijana anavyoishi kiapo na sheria ya skauti, na umepewa uitumie kabla ya kura. Kama yupo ambaye huwezi kumwidhinisha, mwite wiki kadhaa mapema, mkae mahali wengine wanapowaona ila hawawasikii, umweleze ni nini na abadilike wapi. Kumwacha aingie kwenye orodha ukitumaini wenzake watamwangusha ni kuwatwika vijana mzigo wako.

Halafu tazama usiku wenyewe. Kura nyingi za umaarufu hupigwa mwisho wa mkutano, vijana wametoka kwenye mchezo, wamebanana mezani, kila mmoja anachungulia karatasi ya jirani. Ipige mwanzoni. Watawanye, kila mmoja na kalamu yake. Timu iliyotumwa na loji ieleze polepole kwamba hatumtafuti rafiki wa kila mtu, kisha iulize: nani alibaki jikoni wakati sisi tunakwenda kuogelea? Nyamazeni dakika mbili kabla ya kuandika. Hotuba za wagombea zisiwepo kabisa, na idadi ya kura isitangazwe. Matokeo ni amechaguliwa au hakuchaguliwa, basi.

Na huyo wa masufuria, mwakani jina lake litarudi kwenye orodha. Usilipenyeze kwa mlango wa nyuma. Siku moja kura ya wenzake itamfikia, na utataka iwe yao kweli.

Swali lako dogo la mwisho kuhusu watu wazima: kamati ya kundi inaweza kuwapendekeza iwapo vijana wamechaguliwa, wasiozidi theluthi ya idadi ya vijana hao, ukikweza sehemu iliyobaki. Vijana wanne, watu wazima wawili.

Binti yangu wa miaka 14 anakwenda kwenye Majaribu. Nasikia hawali, hawasemi, wanalala peke yao porini. Sisi ni Waislamu, na binti ana pumu. Nimruhusu? — Baba wa binti skauti

Mruhusu, ila jaza fomu vizuri na upige simu kabla. Tangu 2019 mabinti walio kwenye makundi ya skauti huchaguliwa na kupita Majaribu kama wavulana, kwa hiyo loji yake si mara ya kwanza kumpokea binti.

Kinachofanyika hakifichwi: mgombea, yaani aliyechaguliwa anayepita Majaribu, anakaa kimya, anakula kidogo, anafanya kazi ya kuboresha kambi, na usiku analala chini ya anga akiwa mbali kidogo na wenzake. Kidogo si sifuri. Maji hayapunguzwi hata tone, na kimya huvunjwa papo hapo mtu akiumia, akizidiwa au akihitaji msaada. Kila kikundi kina mwanachama anayepita siku ile pamoja nao, akila walichokula na kunyamaza wanaponyamaza. Huitwa Elangomat, neno la Kilenape lenye maana ya rafiki. Huyo ndiye ambaye binti yako atamgusa bega akisikia kifua kinabana.

Pumu: dawa ya kuvuta ikae mfukoni mwake, isiachwe kwenye begi lililo ng'ambo ya kambi. Jaza sehemu A na B za fomu ya afya, hizo zinatosha kwa shughuli isiyozidi saa 72. Katika maelezo usiandike "ana pumu" tu. Andika kinachoiamsha: vumbi, moshi wa kuni, baridi ya alfajiri, chavua. Maelezo hayo humsaidia mpanga kazi asimweke kwenye kuchoma matawi au kufagia banda lenye vumbi.

Chakula cha halali kiombwe wakati wa kujiandikisha, kwa maandishi. Ombi linalofika jikoni Ijumaa jioni limechelewa, kwa kuwa chakula kimeshanunuliwa. Swala haina mgongano na kimya, lakini mweleze Elangomat mapema ili kikundi kisiendelee kutembea akiwa anatawadha. Ikiwa wikiendi yenyewe imeangukia Ramadhani, chagua nyingine: aliyechaguliwa ana miezi 18 ya kukamilisha Majaribu. Kufunga huku ukichimba mtaro juani ni hatari, na hakuna anayekudai hilo.

Usalama wake: lazima wawepo watu wazima wawili au zaidi walioandikishwa, wa miaka 21 na kuendelea, na hakuna mtu mzima anayeruhusiwa kubaki peke yake na kijana. Kudhalilisha, kutisha au kumfanyia mgombea mzaha ni marufuku kabisa. Likitokea, liripotiwe siku hiyohiyo.

Kwenye begi awe na mfuko wa kulalia, turubai la kumtosha juu na chini, mkeka mnene, koti la mvua, glavu za kazi, tochi, na chupa za kubeba lita mbili za maji. Mkeka ndio unaosahaulika kuliko vyote. Mtu akikosa usingizi usiku ule, mara nyingi hewa haina kosa, ni ardhi iliyomnyonya joto kutoka chini. Nguo za pamba azipunguze, zikilowa hazikauki na zinampa baridi. Na viatu viwe vile vilivyokwisha kuuzoea mguu wake.

Shikamooni. Nina miaka 17, nimepewa kuandaa kazi za siku ya Majaribu kwenye loji yetu. Wagombea watakuwa 36. Mwaka jana kufika saa nne asubuhi nusu ya watu walikuwa wamekaa hawana la kufanya. Nianzie wapi? — Mwenyekiti wa kazi

Marahaba, mwanangu. Anza na hesabu, kabla hujagusa sepetu.

Vikundi vinne vya wagombea tisa, kila kimoja na Elangomat wake, ni watu 40. Mkifanya kazi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni, ukiondoa chakula, mapumziko, kutembea na kugawa zana, mnabaki na kama saa tano za kazi halisi. Watu 40 mara saa tano ni saa 200. Hiyo ndiyo kazi unayotakiwa kuwa nayo mkononi, na uongeze nyingine ya saa 50 ya akiba, kwa kuwa vijana wanaofanya kazi kimya huenda haraka kuliko unavyodhani. Mwaka jana nadhani mlihesabu kazi kwa majina, "kupaka rangi banda, kusafisha njia", bila kuuliza kila moja inameza saa ngapi za watu wangapi.

Wiki nane kabla, tembea kambi nzima na mtunza kambi. Mwache yeye aonyeshe kinachomsumbua, maana mradi aliosukumiwa bila kuutaka utafumuliwa ukishaondoka. Kila kazi iandikie kadi moja: mahali, watu wangapi, saa ngapi, zana gani na ngapi, vifaa gani, nani anaijua, na ikikamilika itaonekanaje. Wiki nne kabla, vifaa viwe vimeagizwa. Wiki mbili kabla, zihesabu zana kwa macho yako, ukijaribu kila mpini. Orodha ya stoo huwa inasema sepetu 20, ukifungua mlango unakuta 12, na tatu mipini imelegea.

Nikuonyeshe kazi moja kwa karibu, kwani kambi nyingi zinaihitaji na nyingi huifanya vibaya: gogo la kukinga maji kwenye njia ya mteremko. Mvua ikishuka na njia huchimba mfereji, na kazi ya gogo ni kuyatoa maji pembeni kabla hayajashika kasi. Chagua gogo lenye unene wa sentimita 20 hadi 25, lililobanduliwa ganda, refu kiasi cha kupita kingo zote mbili za njia kwa sentimita 30. Liweke kwa mshazari, nyuzi 45 hadi 60 kutoka mstari wa njia, ncha ya chini ikielekea upande wa bonde. Chimba mtaro ambao theluthi mbili za gogo zitazama. Shindilia udongo kwa nguvu upande wa juu na wa chini, lizuie kwa mawe mazito au vigingi, halafu chimba mdomo mpana wa kutolea maji kwenye ncha ya chini.

Makosa ni yaleyale kila mahali. Gogo likilazwa kukata njia moja kwa moja, matope hujaa nyuma yake baada ya mvua chache, kisha maji hupanda juu na kuendelea na safari. Likizikwa kidogo, maji hupenya chini yake na kulining'iniza. Mdomo ukiwa mwembamba unazibwa na majani. Likimalizika, mwaga ndoo mbili za maji kutoka juu ya njia mtazame yanakokwenda. Dakika tano hizo zina faida kuliko maelezo yangu yote.

Kikundi cha watu kumi kwenye kazi hii kinataka sururu tatu, sepetu tatu, shoka-jembe moja la aina ya Pulaski, nyundo kubwa moja na ndoo nne. Wengine wanabeba mawe na udongo, mnabadilishana kila nusu saa. Kati ya mtu na mtu anayepiga zana ziwepo mita tatu. Anayepita nyuma yao asimame kwanza, angoje aonekane, na hapa kimya hakina nafasi: aseme. Msumeno wa injini usishikwe na kijana wa chini ya miaka 18 kwa hali yoyote.

Usidharau kazi hii ya njia. Mwaka 2008 wanachama walitoka nchi nzima kwenda kuifanya kwenye misitu mitano ya taifa, toka Mark Twain kule Missouri hadi Shasta-Trinity huko California, katika mradi ulioitwa ArrowCorps5. Na kambi ya Philmont, New Mexico, imekuwa na mpango wa Jumuiya tangu 1995: siku 14, nusu kujenga njia, nusu kutembea milimani. Ukiipenda kazi ya mwezi huu, uliza mshauri wako namna ya kuomba nafasi huko.

Shikamooni. Mimi ni chifu wa loji, nina miaka 16. Kwenye mikutano watu wazima huzungumza, mimi natikisa kichwa. Uamuzi unakuwa umeshatoka kabla sijafungua mdomo. Nifanye nini bila kuwakosea adabu? — Chifu wa loji

Marahaba, chifu. Kwanza jua kanuni iko upande wako. Viongozi wa loji wanaochaguliwa ni wa chini ya miaka 21 kwa muda wote wa uongozi wao, na wenye kura ni vijana. Mtu mzima ni mshauri, na kura hana. Ila kanuni pekee haitakurudishia kiti, kwa kuwa mara nyingi wazee hujaza pengo waliloliona.

Lijaze mwenyewe. Andika ajenda siku tatu kabla ya mkutano, uitume wewe, na kando ya kila jambo weka jina la kijana atakayelileta na dakika alizopewa. Siku mbili kabla, ongea na mshauri wa loji kwa simu, mzazi wako au mshauri mwingine akiwa kwenye mazungumzo, na hapo umwombe aseme yote aliyonayo. Mwambie: "Baba, ukiona napotea kwenye mkutano, naomba uniandikie kikaratasi." Mzee aliyesikilizwa faragha hana haja ya kukuongoza hadharani.

Kwenye ukumbi, wewe na makamu wako, katibu na mhazini kaeni mbele. Washauri wakae nyuma ya vijana wanaowashauri. Inaonekana kama jambo la viti tu, lakini anayekaa nyuma ya mwenyekiti wa kamati humnong'oneza yeye badala ya kuhutubia ukumbi. Jambo likifika, uliza kijana anayehusika kwanza. Akinyamaza, ngoja. Hesabu hadi kumi moyoni. Ukimya huo ndio watu wazima huwa hawauvumilii, na ukiuvumilia wewe, kijana atasema.

Kuna mambo si yako: usalama wa vijana, fedha kinyume cha taratibu za baraza la skauti la eneo lenu, sera za chama. Mshauri akisema hapana kwenye hayo, mwombe akuonyeshe maandishi, ushukuru, uendelee. Kwa mengine yote, mwache mpango wako ufanyike hata kama una kasoro ndogo. Washauri wanaosoma hapa nao tunawaomba hilo kwa dhati: tangazo lililochapishwa kwa rangi mbaya halijamuumiza mtu, lirudisheni mikononi mwa kijana aliyelitengeneza.

Na anza leo daftari la makabidhiano. Kila shughuli ikimalizika, usiku uleule, andika watu waliofika, fedha zilizotumika, kilichokwama na sababu. Viongozi hubadilika kila mwaka, na loji nyingi hujifunza kosa lilelile upya.

Wanachama wapya wetu hupita Majaribu halafu hatuwaoni tena. Wanaofika Udugu ni wachache mno. Na je, mtu anaombaje Kesha? — Katibu wa loji

Kesha haliombwi. Mtu hupendekezwa baada ya angalau miaka miwili kwenye Udugu, kwa utumishi ulio juu ya kawaida, na loji hupewa nafasi moja kwa kila wanachama 50. Anayelisaka huwa amekwisha kulikosa.

Udugu ni tofauti, uko wazi kwa wote miezi sita baada ya Majaribu, na zamani ilikuwa kumi. Kijana ajifunze kwa moyo maneno na ishara za uanachama, azidi kuelewa alichokipitia, alitumikie kundi lake, apange atakavyotumika kwenye loji, kisha apimwe uelewa wake. Hakuna la kumshinda hapo. Wanapotea kwa kuwa baada ya Jumapili ile hakuna aliyewapigia simu.

Mgeni hupewa jembe siku ya tatu, lakini mwanachama mpya mpe wiki ya kwanza. Kabla hawajaondoka kambini, kila mmoja aandikwe kwenye kazi moja yenye tarehe. Elangomat wake ampigie ndani ya siku saba, mzazi akisikia, na tena baada ya miezi mitano amkumbushe tarehe ya Udugu. Wewe katibu, chora safu tatu kwenye orodha yako: jina, kundi, tarehe ya kutimiza miezi sita. Ipange kwa makundi, si kwa alfabeti, maana vijana watatu wa kundi moja watakuja kwa gari moja, na yule mmoja aliye peke yake ndiye anayehitaji kupitiwa nyumbani.